Bakteria gani kwa maji gani? Bti, Bs na Wolbachia dhidi ya mbu

Mwaka juzi wakazi wa mtaa wetu tulichangishana, tukanunua madumu ya dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu. Tulikuwa tumetoka kuuguza watu wa dengi nyumba kwa nyumba, kwa hiyo vijana walianza na kile walichoambiwa ndicho chanzo: mapipa ya maji, matairi chakavu kwa mafundi, makopo na vifuu nyuma ya majiko. Dawa ilikuwa haijaisha muda wake, na iliwekwa kwa kipimo. Siku ya tatu nikapita kwa mama mmoja jirani yangu, nikafunua pipa lake. Viluwiluwi walikuwa wakipanda na kushuka vilevile.

"Mwanangu, mbona wamo tu?" akaniuliza.

"Nitakuletea jibu, mama," nikamwambia. Wakati huo sikuwa nalo.

Jibu lilikuwa kwenye lebo ya dumu, kwa maandishi madogo. Ndani mlikuwa na Bacillus sphaericus, bakteria hodari kabisa wa mashimo ya vyoo, ambaye mbu wa dengi humla bila kudhurika. Aliyetuuzia hakutuuliza tunakwenda kuimwaga wapi, na sisi hatukujua kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Michango ya watu, mingine ya mama ntilie na waendesha bodaboda, iliishia kwenye maji yasiyo yake. Bado inaniuma.

Kwa hiyo ulinganisho huu nauandikia mwenyekiti wa mtaa, afisa afya wa kata, mkulima wa mpunga, mwalimu mwenye klabu ya afya, na yeyote aliyeshika fedha ya wenzake akitaka kununua "dawa ya kibaiolojia ya mbu". Jina hilo moja limebeba vitu ambavyo kazi zake hazifanani.

Mjue mbu kwa maji yake

Mbu wanaotuletea maradhi huku kwetu ni wa makundi matatu. Anofelesi, mbu wa malaria, hupenda zaidi maji yanayopigwa jua na yasiyo na uchafu mwingi: majaruba ya mpunga, vijito katikati ya matuta ya mchicha, mashimo yaliyochimbwa mchanga, nyayo za ng'ombe baada ya mvua. Kuleksi, anayeeneza matende na mabusha, ni wa maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro yaliyopasuka, mitaro iliyoziba. Edesi, na hasa yule aitwaye Aedes aegypti, ni wa vyombo: pipa, ndoo, tairi, kopo, kisahani cha chungu cha maua. Huyu ndiye wa dengi, homa ambayo watu wa pwani waliijua tangu zamani kwa jina la kidingapopo. Ndiye pia wa chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika Kimakonde, baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika.

Huhitaji hadubini kuwatofautisha. Chota maji kwa bakuli jeupe, liache litulie, utazame. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kidogo kinachoelea. Wa kuleksi na wa edesi huning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija ulioko mkiani. Mrija wa kuleksi ni mrefu na mwembamba, wa edesi ni mfupi na mnene. Ukichota kwenye pipa safi la nyumbani ukawaona wananing'inia, kisha ukigusa bakuli wanakimbilia chini, karibu kila mara ni edesi.

Hata hivyo kuna mgeni anayevuruga hesabu hii. Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na kaskazini mwa Kenya 2022. Huyu ni anofelesi anayezaa kwenye matangi na mapipa ya mjini, nyumba moja na mbu wa dengi. Nitamrudia, kwa sababu anagusa uamuzi wa kununua.

Bti na Bs: wanaua kwa njia moja

Bti ni kifupi cha Bacillus thuringiensis israelensis. Yoel Margalith na Leonard Goldberg walimpata mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli, kwenye dimbwi lililojaa viluwiluwi waliokufa. Bs ni yule Bacillus sphaericus wa dumu letu. Siku hizi wanasayansi wanamwita Lysinibacillus sphaericus, lakini lebo nyingi zimebaki na jina la zamani, na maafisa afya wanasema Bs tu. Aina yake inayotumika zaidi, namba 2362, ilitolewa kwenye mwili wa usubi nchini Nigeria. Wote wawili ni wa udongoni na majini. Kiwandani wanazalishwa kwa wingi, hakuna aliyewabuni.

Bakteria hawa wanapojifungia ndani ya ganda ili wavumilie hali ngumu, hutengeneza protini iliyoganda kama punje ya sukari guru, ndogo kiasi cha kutoonekana. Kiluwiluwi hula kwa kuchuja maji kutwa nzima, hana namna ya kuchambua. Punje inafika tumboni mwake. Tumbo la kiluwiluwi ni la upande wa magadi, halina uchachu kama letu, na kwenye hali hiyo ya magadi punje huyeyuka, vimeng'enya vyake mwenyewe huikata, na sumu inayotoka hunata kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Binadamu, ng'ombe, kuku na samaki wengi wana tumbo la tindikali, na utumbo wao hauna mahali pa sumu hiyo kunata. Ndiyo maana mtu anaweza kuitia kwenye maji ambayo mbuzi wake atakunywa jioni. Kwa Bti, Shirika la Afya Duniani limekubali hata matumizi kwenye maji ya kunywa yaliyohifadhiwa, mradi imetengenezwa kwa usafi wa kiwango hicho. Soma lebo ikuambie.

Baada ya aibu ya pipa la jirani nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilichukua chupa mbili za mdomo mpana, nikazijaza maji ya pipa lilelile, nikatia viluwiluwi ishirini kila moja, na mapupa matatu matatu, yale yenye umbo la alama ya mkato. Chupa moja nikaitia Bti, nyingine ile Bs yetu. Viluwiluwi wa edesi mdomoni wana vibrashi viwili visivyotulia, unaviona ukiweka tochi nyuma ya chupa. Baada ya saa moja hivi vibrashi vya chupa ya Bti vilianza kusita. Kufikia saa mbili za usiku walikuwa wamelegea, ukitikisa chupa wanajikunja mara moja na kuacha. Alfajiri wote walikuwa chini, wamenyooka. Chupa ya Bs, ishirini wazima.

Kisha jioni ya siku ya pili nikakuta mbu wawili wakubwa, wenye miguu ya madoa meupe, wametua ndani ya kitambaa nilichofunika ile chupa ya Bti. Walikuwa wametoka kwenye mapupa. Pupa hali, na asiyekula hanywi sumu. Hilo liwekeni moyoni kabla ya kuwaahidi watu, kwa sababu watalalamika "mmemwaga dawa na mbu bado wapo", na watakuwa wanasema kweli. Mapupa ya siku ile yatakuwa mbu, na mbu wakubwa walioko vyumbani wanaishi wiki kadhaa. Chandarua kibaki kitandani.

Wanapoachana

Tofauti ya kwanza ni nani anakufa. Bti anaua makundi yote matatu, na usubi juu yake. Afrika Magharibi, katika mpango mkubwa wa kupambana na upofu wa usubi ulioanza 1974, Bti aliingizwa mitoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, usubi walipoizoea dawa ya kemikali. Bs ni mkali sana kwa kuleksi, mkali kwa anofelesi, na kwa Aedes aegypti ni kama hayupo. Sumu yake ni ufunguo wa kitasa kimoja, na utumbo wa mbu wa dengi hauna kitasa hicho. Kwa mtu aliyenunua dawa kwa sababu ya dengi, mjadala wa Bti na Bs unaishia hapa: chukua Bti.

Tofauti ya pili ni maji, na hapa Bs anapata heshima yake. Bti mwagie kwenye shimo la choo au karo, utashangaa jinsi anavyopotea. Uchafu mwingi hunata na punje zake na kuzizamisha. Viluwiluwi nao wana chakula kingine tele, kwa hiyo wanameza dawa kidogo. Hata kwenye maji safi yaliyo wazi jua humharibu, na punje huzama ilhali anofelesi anakula juu juu. Kwenye majaruba na matuta usitegemee zaidi ya wiki moja, pengine na siku chache. Bs anavumilia uchafu. Zaidi ya hapo, spora zake, yaani bakteria waliojifungia ndani ya ganda, huota ndani ya mzoga wa kiluwiluwi aliyemuua, akaongezeka, akarudi majini. Kwenye shimo lililofunikwa, lenye giza na uchafu, kazi yake inaweza kuendelea kwa miezi. Anaua polepole kuliko Bti, mpe siku mbili au tatu, lakini hukai ukirudi kila wiki.

Waliofanya mpango wa mji wa kudhibiti malaria Dar es Salaam kuanzia 2004 waligawa kazi hivyohivyo. Watu wa mitaani wenyewe walichora ramani ya mazalia kwa kufuata mashina ya nyumba kumi, kila dimbwi na kila karo likaandikwa. Dawa ilianza kumwagwa 2006 katika kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini, na baadaye kata 15. Maji ya wazi yalipata Bti kila wiki. Maji yaliyofungwa, vyoo na makaro, yalipata Bs kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kwamba maambukizi ya malaria yalipungua kwenye kata zilizotiwa dawa. Mimi ninachokipenda zaidi katika mpango ule ni ile ramani. Mabalozi wa nyumba kumi walijua mashimo ambayo hakuna setilaiti ingeyaona, kwa sababu yamo uani, nyuma ya bafu la makuti.

Tofauti ya tatu watu hawaiulizi, nayo ni usugu. Bti ana sumu nne zinazosaidiana, na kiluwiluwi anayetaka kuokoka lazima azishinde zote kwa pamoja. Kwa miongo zaidi ya minne ya matumizi, usugu wa maana mashambani haujaonekana. Bs anategemea sumu moja yenye vipande viwili. Kuleksi walimzoea kusini mwa Ufaransa, Kochi nchini India, Recife nchini Brazili, na China pia, mahali ambapo alimwagwa yeye peke yake mfululizo. Kwa hiyo anayekwambia "tumia Bs miaka yote, ni rahisi, hairudiwi kila wiki" amekupa nusu ya habari. Changanya au pokezanisha na Bti. Baadhi ya viwanda hutengeneza punje zenye bakteria wote wawili kwa sababu hiyohiyo. Sumu mojawapo ya Bti humsaidia Bs kupita hata pale mbu alipobadilisha kitasa.

Kuhusu upatikanaji, Tanzania tuna bahati. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kilifunguliwa 2015 na kinatengeneza wote wawili kwa hali ya maji maji. Bti yao inaitwa Bactivec, Bs yao Griselesf. Majina hayo mawili yaandikeni ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kila moja na aina ya maji yake, ili lisirudie lile la kwetu. Na dumu litikiswe vizuri kabla ya kupimwa, kwa kuwa bakteria hutuama chini, na lihifadhiwe kivulini. Nimeona madumu yamepangwa juani nje ya ghala wiki nzima. Hayo ukiyamwaga umemwaga maji.

Neno moja kwa wanaodhani kwamba kitu cha asili hakiharibu chochote. Bti hudhuru pia visubi fulani wasiouma, ndugu wa mbu, ambao ni chakula cha ndege na samaki wadogo. Huko Camargue, kusini mwa Ufaransa, ambako ananyunyiziwa kwenye vinamasi, watafiti walikuta mbayuwayu wakikuza makinda wachache zaidi. Kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kutomwaga dawa kwenye kinamasi kilicho mbali na watu, eti kwa sababu tu imebaki.

Mbita na Gambia

Mifano miwili imenifundisha kuliko lebo zote. Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, watafiti waliweka Bti na Bs kwenye mazalia yanayojulikana, wakarudia kila wiki bila kukosa, na kiasi cha watu kuumwa na mbu wa malaria kikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Gambia, kwenye mabonde yanayofurika ya mto wenye jina la nchi, walimwaga Bti kwa bidii ileile, na malaria haikupungua. Bakteria hakuwa na kosa. Maji yalitanda kwa kilomita na kilomita, yakipanda na kushuka, vijana waliobeba mabomba mgongoni hawakuweza kuyafikia yote, na mbu wanaruka mbali.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya viluwiluwi iwe nyongeza ya vyandarua na upuliziaji wa ukoko (dawa inayobaki kwenye kuta za nyumba), mahali ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanaonekana. Ukitaka kujua kama kijiji chako kinafaa, zunguka na balozi asubuhi moja mkihesabu. Mkimaliza kuhesabu kabla ya adhuhuri, mnafaa. Mkiona hesabu haina mwisho, fedha hiyo nunueni vyandarua.

Mpunga uko katikati. Majaruba ni makubwa lakini yana wenyewe, na mwenye jaruba analijua pembe kwa pembe. Ruhuha, wilayani Bugesera, Rwanda, wakulima walishirikishwa kunyunyizia Bti wenyewe mashambani mwao. Njia hiyo naiamini kuliko kuleta kikosi kutoka wilayani, maana gharama kubwa ya Bti ni miguu inayorudi kila wiki, na miguu ya mkulima iko shambani tayari.

Wolbachia haimwagwi

Watu wengi sasa wananiuliza kuhusu Wolbachia, wakidhani ni dumu la tatu dukani. Siyo. Ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia mayai, na nje ya mdudu hawezi kuishi. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya kuleksi, na wadudu wengi sana duniani wanaye. Aedes aegypti kwa asili hana. Timu ya Scott O'Neill nchini Australia ilimtoa kwa inzi wa matunda na kumhamishia kwenye mayai ya mbu huyo, kazi ya sindano nyembamba iliyochukua miaka, na Januari 2011 wakaachia mbu wa kwanza karibu na mji wa Cairns.

Bti na Bs hupunguza mbu. Wolbachia anaweza kutumika kwa njia mbili, na ukizichanganya kichwani hutaelewa habari za magazetini. Njia ya kwanza ni kuachia majike na madume wenye Wolbachia. Dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia huzaa na dume yeyote, na watoto wote wanarithi. Kizazi kwa kizazi mbu wa mji mzima wanakuwa naye. Mbu wanabaki na wanauma kama kawaida, ila virusi vya dengi vinashindwa kustawi miilini mwao. Yogyakarta, Indonesia, mji uligawanywa maeneo, mengine yakapewa mbu hao, mengine yakaachwa. Matokeo yalichapishwa 2021: wagonjwa wa dengi walipungua kwa asilimia 77, na waliolazwa hospitali kwa asilimia 86. Kwa ugonjwa ambao hauna tiba maalumu, hayo ni matokeo makubwa mno.

Njia ya pili ni kuachia madume peke yao, ambao hawaumi, ili mayai ya mtaani yasianguliwe na mbu wapungue. Singapore wanafanya hivyo tangu 2016. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1967 Hannes Laven aliripoti kwamba madume wasiopatana na majike wa kienyeji walimaliza kuleksi katika kijiji cha Okpo, Burma, kabla watu hawajajua kwamba Wolbachia ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Shida ya njia hii ni kwamba ukiacha kuachia madume, mbu wa jirani wanarudi.

Kwa hiyo ukiweka Bti na Wolbachia bega kwa bega kwa ajili ya dengi: Bti unaanza wiki hii, kwa fedha ya mtaa, na ukiacha kumwaga umerudi ulipokuwa. Wolbachia ya njia ya kwanza inataka kituo cha kuzalisha mbu, kibali cha serikali, na miezi ya kuachia mbu, majike wanaouma wakiwemo, mbele ya watu ambao miaka yote tumewaambia waue mbu. Lakini ikishika, inajiendesha. Hairudishwi nyuma kirahisi pia, ndiyo sababu ridhaa ya wakazi si jambo la kupitishwa kwenye kikao cha nusu saa. Kuna na suala la joto: aina ya wMel iliyotumika Yogyakarta hupungua ndani ya viluwiluwi wanaokulia kwenye vyombo vinavyochemka juani. Kuala Lumpur, Malaysia, walichagua aina nyingine, wAlbB, inayostahimili joto zaidi. Mtu akileta wazo hilo Mombasa au Dar es Salaam, muulizeni ni aina gani, na imejaribiwa kwenye joto la namna gani.

Dar es Salaam ilipigwa na dengi 2014, ikapigwa tena 2019. Mji kama huu nadhani unastahili kuijadili Wolbachia kwa uzito, kwenye ngazi ya wizara. Mtaa hauwezi kuinunua, na anayezunguka akiuza "dawa ya Wolbachia" kwenye chupa anawaibia watu. Kwa malaria, miradi hii ya kuachia mbu haikusaidii. Imejengwa juu ya mbu wa dengi.

Wanaokuja

Kuna wawili ninaowafuatilia kwa hamu, ingawa hakuna pa kuwanunua. Wa kwanza ni Delftia tsuruhatensis TC1. Katika maabara ya kampuni ya GSK huko Tres Cantos, Hispania, anofelesi waliofugwa kwa utafiti walianza kugoma kubeba vimelea vya malaria, na walipochunguzwa wakakutwa na bakteria huyu tumboni. Anatoa kemikali iitwayo harmane inayozuia kimelea kukua. Habari hiyo ilichapishwa 2023, na majaribio ndani ya kizimba kikubwa cha wavu yamefanyika Burkina Faso. Mbu hafi, anapoteza ubebaji.

Wa pili aligunduliwa kwetu Afrika Mashariki, na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, walimtangaza 2020: Microsporidia MB, aliyepatikana ndani ya anofelesi karibu na Ziwa Victoria. Yeye si bakteria, ni wa ukoo wa kuvu, lakini anarithiwa kutoka kwa mama kama Wolbachia na anamzuia mbu asipitishe malaria. Akifanikiwa, anofelesi naye atapata Wolbachia wake.

Mimi ningenunua hivi

Mjini, tatizo likiwa dengi, mapipa na matairi: Bti, na kabla ya Bti mifuniko, na matairi yatobolewe au yaondolewe. Mayai ya edesi hukaa makavu miezi kwenye ukingo wa pipa, kwa hiyo usugue kuta zake kwa brashi kabla ya kujaza upya. Nikiwa Marsabit ya kaskazini mwa Kenya, Djibouti, au Dire Dawa ya Ethiopia, alikofika Anopheles stephensi, ningechukua Bti vilevile, kwa kuwa dawa moja kwenye pipa moja inampata mbu wa dengi na yule mgeni wa malaria kwa pamoja.

Tatizo likiwa vyoo na makaro, yale mabusha na matende ya pwani na kero ya usiku: Bs kwenye mashimo, na kila mzunguko wa tatu au wa nne uwe wa mchanganyiko wenye Bti ndani ili tusijizalishie usugu. Bustani za mbogamboga bondeni na majaruba: Bti kila wiki katika msimu, na mwenye shamba awe ndiye mnyunyiziaji. Bonde linalofurika lisilo na mwisho: ningewarudishia watu fedha zao.

Na vyovyote utakavyonunua, rudi. Kwa Bti rudi kesho yake, kwa Bs rudi siku ya tatu, na bakuli lako jeupe, uchote sehemu zilezile kumi. Ukikuta mapupa tu, kazi imefanyika na ulichelewa kidogo. Ukikuta wadogo wadogo tu, mama amekuja kutaga tena, panga tarehe ya kurudia. Ukikuta wakubwa, walioshiba, wanakimbilia chini ukigusa bakuli, usimwage tena hata tone; funua dumu, soma lebo, kisha tazama walivyoning'inia. Mimi kwa yule mama nilirudi na Bti wiki iliyofuata, nikamwonyesha chupa zangu mbili. Sasa pipa lake analichota mwenyewe kila Ijumaa asubuhi, na namba ya aliowaona anamtumia mjumbe.